Mnyororo Mwepesi

Usiku ule Kayenze tulivuta nanga,
mnyororo ukaja kama kamba ya kisima isiyo na ndoo.
Mafwiri, aliyekuwa mbele, hakusema kitu.
Aliendelea kuvuta, pingili kwa pingili,
kama mtu anayesoma barua
ambayo mwisho wake ameshaambiwa na aliyeileta.

Pingili ya mwisho ilikuwa nzima.
Nanga, huko chini, bila shaka nayo nzima,
taya lake bado limeuma matope.
Kilichokosekana ni cha katikati,
mshenga wa chuma asiyejaa kiganja,
ambaye sikumbuki nilimnunua wapi
wala kwa shilingi ngapi.

Mawe ya Kayenze yalitupokea ubavuni.
Matofali elfu moja na mia mbili yakarudi kuwa udongo.

Leo niko Makoroboi, kwenye duka lenye giza la misumari.
Pembeni mwa khanga, pale pa kufungia hela,
nimefunga pingili moja niliyoikata,
na kijiti cha mpera
nilichokichonga hadi kikaenea tundu la nanga mpya.

"Pingu?" Sayi anacheka. "Za polisi au za maisha?"
"Za nanga."
"Basi hizo ndizo za maisha,"
na ananimwagia kaunta nzima.

Kuna ya stenlesi, inang'aa kama jino la bwana harusi.
Haishiki kutu, ananiambia.
Lakini ziwa letu halina chumvi, Sayi.
Kutu hapa hutembea kwa miguu,
hupiga hodi, hukaa misimu, namwona akija.
Ninayemwogopa hana rangi:
anaitwa kulegea.

Kuna yenye kifundo cha kuzunguka,
eti chombo kikicheza, mnyororo usijisokote.
Tamu mkononi.
Naishika kiunoni, naisukuma kwa ubavu,
inanijibu, tik.
Upepo wa saa tisa usiku haugeuki kwa adabu.
Nanga itavutwa mbele, itavutwa upande,
na hiki kifundo kimefundishwa mbele tu.

Naishia kwenye ya kijivu,
imechovywa zinki, uso wote chunusi,
namba ya uzito imegongwa shavuni,
tumbo pana.
Pini inaingia palipo kijiti bila kucheza.
Kwenye pingili inagoma. Unywele tu, inagoma.
Nainyanyua ndogo yake: inapita kote,
ila nikiipima kwa kidole naona aibu,
kama kumtuma mtoto kudai deni.

"Igeuze," anasema Sayi,
ambaye hajawahi kuona nanga ikipanda.
Anaichukua kubwa, anapitisha upinde kwenye pingili,
upinde mwembamba kuliko pini.
Unapita.
Pini inabaki kwa nanga.
Nimeishi majini miaka kumi na tisa
nikidhani pingu ina upande mmoja wa kuvaliwa.

"Na waya," nasema.
"Waya wa nini?"
Wa kufunga jicho la pini, lisijifungue lenyewe
kwa mtikisiko wa usiku baada ya usiku.
Anakata mita mbili. Bei yake haifiki soda.

Hapo ndipo ninapokumbuka
kile nilichodai sikumbuki.
Igombe, mwezi wa pili, Mafwiri akiwa amepiga magoti mbele ya chombo:
"Mama Nyabise, pini haijafungwa."
Nami nikihesabu matofali:
"Kesho."

Jioni nampa pingu, anaikaza kwa spana, nusu nafasi zaidi.
Nafungua pembe ya khanga nitoe waya.
Ameshanyoosha mkono wake.
Katikati ya kiganja kuna kipande cha waya, kifupi,
kimepinda kwa umbo la paja lake,
kama kitu kilichokaa mfukoni
tangu mwezi wa pili.